Jina la Barazani

Wapemba tunasemwa. Tunasemwa kwamba tu wasiri, kwamba ukimuuliza Mpemba jina lake atakupa la jirani yake, na ukimuuliza njia atakuuliza kwanza unakwenda kwa nani. Maneno haya nimeyasikia Unguja, nimeyasikia Dar es Salaam, nimeyasikia hata kwa ndugu zetu waliokwenda Muscat wakarudi na lahaja nyengine. Sikuona haja ya kuyajibu. Nayajibu leo kwa sababu yameanza kutumiwa dhidi ya watoto wetu.

Palikuwa na mafunzo Chake Chake kuhusu usalama wa watoto katika mtandao. Mkufunzi, mgeni wa kisiwa hiki, aliwaambia wazazi kwamba mtoto anayecheza gemu kwenye simu kwa jina la kubuni amekwisha kuanza kudanganya, na dawa yake ni kila mchezaji alazimishwe kutumia jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Akaongeza kwamba Pemba kazi itakuwa kubwa zaidi, kwani huku kuficha jina ni tabia ya watu. Wazazi walinyamaza. Kwetu mgeni hakatizwi kauli, na kimya kile naamini yeye alikihesabu kuwa ni kukubali.

Mimi sikukubali. Kucheza kwa jina lisilo la cheti ni mila yetu, imetulea, na ni mila yenye masharti mazito kuliko kanuni yoyote niliyowahi kuisoma. Kinachokufa ni yale masharti. Jina la mchezo limebaki, walinzi wake wameondoka, na watu wanaoliona likizurura peke yake wanadhani ndivyo lilivyozaliwa.

Mtoto wa Kipemba hupata jina lake siku ya saba, siku ya akika, anaponyolewa nywele na kuchinjiwa. Mara nyingi jina hilo ni la mtu wa ukoo. Babu hurudishwa kwa mjukuu, bibi kwa mjukuu wa kike, na ami aliyezama baharini hupata wa kulibeba jina lake. Ndiyo maana majina yetu yanazunguka humo humo: Hamad, Faki, Kombo, Makame, Shaame, Khamis, Juma, Asha, Time, Mwanakombo, Bimkubwa. Na kwa kuwa jina kamili la mtu ni lake, la baba yake na la babu yake, na babu ndiye aliyerithiwa, utamkuta Faki Hamad Faki katika shehia hii, na Faki Hamad Faki mwengine katika shehia ya pili, na wa tatu yuko Konde anauza samaki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 katika kisiwa chote. Majina tuliyonayo hayatoshi robo yao.

Jina la cheti kwetu ni la kadhi. Ni la ndoa, la mirathi, la hati ya shamba la mikarafuu. Siku hizo huitwa kwa ukamilifu wake na kila mtu hukaa sawasawa kulisikia. Siku nyengine zote mtu hutambulikana kwa jina alilopewa na watu. Ukifika kijijini ukauliza nyumba ya Khamis Juma Khamis, utaulizwa yupi. Ukitaja jina lake la utani, mtoto mdogo atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Kwa hiyo yule mkufunzi alitugeuzia mambo kichwa chini miguu juu. Aliloliita jina la kweli ndilo linalotuficha, na aliloliita la uongo ndilo linalotutambulisha.

Kuna na adabu ya kutotaja. Mke hamwiti mumewe kwa jina, humwita Baba Asha au baba fulani mwengine, na yeye huitwa Mama Asha. Mkwe hatajwi. Mzee wa makamo ya baba yako ni Mzee, mwenye elimu ni Maalim au Sheikh, dada yake baba ni Shangazi hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Haya yapo pwani nzima, sina haja ya kuyarefusha.

Nataka kusema juu ya baraza la bao.

Baraza la mtaa wetu Wete lilikuwa chini ya mwembe, ubavuni mwa nyumba yetu, na dirisha la ukumbi lilitazama huko huko. Sisi wasichana hatukuwa na nafasi barazani, lakini hapakuwa na neno lililosemwa pale lisiingie ndani. Nilikua nikiwasikia wanaume kabla sijawaona. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64 za komwe, 32 kwa kila mchezaji. Nilijifunza kuusikiliza mchezo kabla ya kujua kuucheza: kete moja moja zikitiwa wakati wa kunamua, kisha mlio mrefu wa mtu anayetakata, kisha kelele za watazamaji nyumba ilipoliwa. Katikati ya milio ile yalikuwapo majina.

Hakuna aliyeitwa kwa jina lake pale. Mmoja alikuwa Ngisi, kwa sababu kila alipobanwa alipata pa kupenya. Mwengine Kandili. Mwengine aliitwa kwa jina la mji wa Bara ambao hakuwahi kufika, na sababu yake sikuwahi kuelezwa. Ngisi alikuwa karani wa mahakama, na mtu aliyemfunga karibu kila alasiri alikuwa mchukuzi bandarini. Mchukuzi yule alimtukana Ngisi kwa matusi ya bao, yale yanayoruhusiwa, ya kuchekesha: kwamba hajui kichwa wala kimbi, kwamba akapeleke kete zake akapandie mihogo. Asubuhi yake mchukuzi huyo akiwa na shauri mahakamani alisimama mbele ya karani na kusema, “Shikamoo Maalim,” na karani akaitikia, “Marahaba,” na hapakuwa na kilichobaki baina yao. Aliyefungwa ni Ngisi. Karani wa mahakama hakufungwa na mtu.

Hilo ndilo jina la mchezo linalofanya, na hilo ndilo wageni hawalioni. Linamruhusu mkubwa afungwe na mdogo bila ukubwa kuharibika, na mdogo atambe bila kulipia utambo wake kesho. Ondoa jina lile, waite watu kwa majina ya cheti na vyeo vyao, na bao halichezeki. Mchukuzi ataogopa kufunga, na karani ataogopa kuja.

Lakini masharti yalikuwapo, na hayakuandikwa popote. Kwanza, hujipi jina. Hupewa na wengine baada ya kukutazama, na huna rufaa. Aliyejiita Simba mwenyewe alichekwa mpaka akaliacha. Pili, huingii barazani kama huna aliyekuleta. Mgeni akitokea, awe wa Mtambwe au wa Tanga, swali la mwanzo baada ya salamu lilikuwa, “Umekuja na nani?” Yule aliyemleta alibeba dhamana. Mgeni akikosa adabu, aliyemleta ndiye aliyeulizwa. Tatu, ya barazani huishia barazani. Mtu aliyepeleka nyumbani kwa mtu maneno ya mchezo alihesabiwa kuwa hana siri, na kwa Mpemba hakuna sifa mbaya kuliko hiyo. Na kulikuwa na mipaka ya tusi. Uzembe wa mtu ni halali yako, mama yake si halali yako.

Nilikuwa dirishani siku mipaka ile ilipovukwa. Kijana mmoja aliyekuwa amefungwa vibaya alimtaja mama wa mwenzake. Milio ya kete ilikatika. Mzee aliyekuwa mkubwa wa baraza alizikusanya kete zote kutoka mashimoni, za huyu na za yule, akazitia mfukoni mwake. Kisha akamwita kijana yule kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, mbele ya watu wote. Hakuongeza neno. Mama yangu, aliyekuwa anachekecha unga nyuma yangu, aliacha kazi yake akasema, “Wamemwita!” Kijana aliondoka, na hakurudi barazani mpaka ami yake alipokuja kumwombea radhi. Adhabu yake ilikuwa hiyo tu, kuvuliwa jina la mchezo na kurudishiwa la kadhi. Kila mtu pale alijua tangu zamani yeye ni nani. Lililokuwa zito ni kuitwa nalo mahali pale.

Wanawake tulikuwa na baraza letu, nalo lilikuwa la usiku na la msimu. Karafuu zikiiva, vikonyo vilivyochumwa mchana vikirudi nyumbani kwa mapakacha na mapolo, kazi ya usiku ni kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake kwa vidole, ili asubuhi zianikwe majamvini. Makonyo nayo yana soko lake, hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Bibi yangu alikuwa akitandika majamvi ukumbini na uani, anawasha karabai moja, na majirani wanakuja na watoto wao bila kuitwa. Vidole vinanuka karafuu mpaka asubuhi, na mdomo hauna kazi. Basi ndipo ilipoanza michezo.

Kwanza vitendawili. Anayetega anatega, na mnaposhindwa anadai mji. Mnampa Unguja anakataa, mnampa Mombasa anakataa, mnampa Makka anakubali na kusimulia alivyofika huko na aliyoyaona, halafu ndipo anapofumbua. Wasichana wakubwa walisema kinyume, silabi ya mwisho ikatangulia mbele, “jina lako nani” ikawa “naji kola nina”, kwa kasi ambayo sisi wadogo hatukuweza kuishika. Na usiku ulipokuwa mkubwa yalianza mafumbo ya kuimba. Mtu alitoa ubeti kutoka pale mwanga wa karabai ulipoishia, juu ya mwenye shamba anayepunja pishi, au juu ya mume aliyeoa ng’ambo bila kusema, na wengine wakaitikia. Aliyetoa hakuwa na jina, au alikuwa na jina la msimu ule tu, na karafuu zikiisha jina nalo liliisha. Mwanamke ambaye mchana hathubutu kuinua macho mbele ya mkwewe aliyasema usiku ule yote yaliyomkaa moyoni, na asubuhi alipita mbele ya mkwe yule yule na kutoa salamu.

Je, hakujulikana? Alijulikana. Bibi yangu alizijua sauti zote. Angeweza kumtaja kila mwanamke aliyekuwa katika ua ule gizani, na binti ya nani, na ubeti wake una chanzo gani. Hakumtaja hata mmoja mpaka anaingia kaburini. Lakini tusi lilipozidi, au fumbo lilipomwelekea mtu asiyeweza kujitetea, yatima au mwanamke aliye edani, bibi alikohoa. Wimbo ulikatika hapo hapo, ukaanzishwa mwengine. Kikohozi kile kilikuwa sheria.

Nimekaa sana hapa kwa sababu mambo haya yanakwisha. Karafuu bado zinachumwa na kuchambuliwa, lakini siku hizi kila mtu huchambua na watu wa nyumba yake, na watoto wako chumbani na simu. Msimu uliopita nilikaa jamvini na dada zangu na tulizungumza habari za bei. Hakuna aliyetega.

Washairi wetu nao walipita njia hiyo hiyo ya jina lisilo la cheti. Mshairi mkubwa wa Pemba wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, hajulikani na mtu kwa jina hilo ila wenye kusoma vitabu. Anajulikana kwa lakabu, Kamange. Tungo zake na za mwenzake Sarahani bin Matwar zilihifadhiwa vifuani na katika makaratasi ya watu mpaka zikachapishwa mwaka 2011 katika Kale ya Washairi wa Pemba, kazi iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla. Hakuna aliyepata kusema Kamange alikuwa mdanganyifu kwa kutunga kwa lakabu. Unguja wanaye Siti binti Saad, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, na wanaye Bi Kidude, ambaye ni Fatuma binti Baraka na ulimwengu hauna habari. Na mwanamke yeyote wa pwani anayetoka na kanga yenye neno la kumchoma jirani yake amesema bila kutia saini, na jirani amesikia.

 

Uganga ningeuacha, lakini una jambo moja linalohusu majina. Mwaka 1931 Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake Remote People, aliisimulia Pemba kuwa ni makao ya uchawi yanayofuatwa na wanafunzi kutoka Maziwa Makuu na hata kutoka Haiti. Alisimuliwa, akaandika, na tangu hapo tumekuwa tukisomwa kwa macho yake. Jambo lenyewe ni hili. Mwenye elimu ya falaki akitaka kukutazamia nyota yako hukuuliza jina lako na jina la mama yako, akahesabu herufi zake kwa abjadi. Kwa hiyo mtu wa Pemba hulelewa akijua kwamba majina hayo mawili pamoja ni ufunguo, na ufunguo hukabidhiwa mtu unayemwamini. Ukiliita jambo hilo ushirikina, ni haki yako na wanazuoni wengi wako upande wako. Lakini nenda katika mtandao wa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa kutafuta namba yako ya NIDA uone utakaloulizwa. Utaulizwa jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, na majina ya mama yako. Wazee wetu walijua kwamba aliye na majina hayo ana kitu chako mkononi. Hawakukosea.

Na kuna sababu nyengine za kuhifadhi jina ambazo hazina nyota wala falaki. Januari 2001, baada ya maandamano na risasi, watu zaidi ya 2,000 walikihama kisiwa hiki kwa majahazi na mashua mpaka Shimoni, Kenya. Walioishi miezi ile wanajua maana ya kuwa na jina lako katika orodha ya mtu usiyemjua. Mtu wa nje anapoona Mpemba anasita kujiandikisha, namwomba akumbuke mwezi ule kabla ya kututafutia tabia.

Sasa tumeandikishwa sote. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na baada ya kusogezwa mbele muda ulikwisha 20 Januari 2020. Niliwaona wazee wa Micheweni wamepanga foleni, vidole vimelika kwa kazi za jembe na kamba za mashua, mashine inavikataa, wanaambiwa wavifute na kujaribu tena. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye mikahawa ya intaneti waandikishe kila anayeingia na waweke kamera. Kabla ya hapo, Desemba 2016, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Dar es Salaam na kushtakiwa, moja ya sababu ikiwa kukataa kuwatoa kwa polisi watu walioandika kwa majina ya kupanga. Nilipoisoma habari ile nilimfikiria bibi yangu. Mtu yule alikuwa amekaa pale pale alipokaa yeye, anawajua au ana njia ya kuwajua, na hasemi.

Wanaotaka kila mchezaji atumie jina la cheti wanasema aibu itawatuliza watu. Korea Kusini ilijaribu kwa sheria kuanzia 2007. Ili kuandika neno katika mitandao mikubwa ilibidi uthibitishe utambulisho wako. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni moja tu na kuondoka na habari za watu milioni 35, na Agosti 2012 mahakama ya katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria ile. Katika michezo yenyewe, kampuni ya Marekani ya Blizzard, yenye mchezo wa World of Warcraft, ilitangaza Julai 2010 kwamba wachezaji watakaozungumza katika jukwaa lake la majadiliano wataonekana kwa majina yao ya kweli. Mfanyakazi wake mmoja alilitoa jina lake kuonyesha kwamba hapana hatari, na mara moja watu wakamchimbulia habari zake za nyumbani. Siku tatu baada ya tangazo, kampuni iliacha mpango wake. Wachezaji wale wa Marekani na Ulaya, ambao hawajui Pemba iko wapi, waliogopa jambo lile lile aliloliogopa mchukuzi wa bandari ya Wete: kwamba mchezo utawafuata nyumbani.

Basi niseme juu ya watoto. Mtoto wa kaka yangu anacheza Free Fire usiku mpaka betri imkatike. Ana jina lake humo, lenye herufi za kupinda na alama za panga, na amejipa mwenyewe. Nilimuuliza, “Mwanangu, wenzako hao unaocheza nao, nani amekuleta kwao?” Hakulielewa swali. Akaniambia, “Shangazi, unaingia tu.” Nikamuuliza nani kati yao anamjua yeye ni mtoto wa nani. Akafikiri. Akasema yuko mmoja wa Mombasa ambaye anaijua sauti yake.

Binti wa jirani yetu anacheza kwa jina la kiume. Alipokuwa na jina la kike alitukanwa, na matusi yenyewe hayakuwa ya kuchekesha. Alitajiwa mama yake, akatajiwa mwili wake, na walioyasema ni wavulana ambao kwa lafudhi zao baadhi ni watu wa kwetu. Alibadilisha jina, akapumua. Mwambie binti huyu aweke jina lake, la baba yake na la babu yake, ili wavulana wale wajue na nyumba yake iko shehia gani! Kwake jina la kupanga ni kama buibui, linampitisha njiani kwa amani. Lakini na wale wavulana wamejifunika pia, na hakuna wa kuwakoholea. Hakuna mzee wa kuzitia kete mfukoni. Mwenye kampuni yuko Singapore au China, hajui kwamba mama wa mtu hatajwi, na akimfungia mtu leo, kesho anarudi na jina jengine alilojipa mwenyewe.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka wenye kutunga kanuni walisikie. Sisi hatukuwa watu wa majina ya wazi, na hatukuwa watu tusiojulikana. Baina ya haya mawili kulikuwa na mtu. Kulikuwa na mzee, au bibi, au yule aliyekuleta, ambaye alijua na alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomfanya aaminiwe siku aliposema. Serikali haiwezi kuwa mtu huyo, maana ikishajua huandika, na kilichoandikwa kina wa kukisoma. Kampuni haiwezi, maana haituoni. Wazazi wangeweza, na wengi wetu hatujui hata jina ambalo mtoto wetu anaitwa na watu mia usiku huu. Mama mmoja wa Ole aliniambia kwamba kuliuliza jina hilo ni kumpekua mtoto. Nilimwambia kwamba bibi zetu walitujua sote gizani na hakuna aliyehisi amepekuliwa.

Wete mjini kuna kibanda cha gemu, chumba kimoja chenye televisheni na mashine za PlayStation, watoto wanalipa kwa mchezo. Mwenyewe ni kijana, na nilikwenda kwake nikiwa na nia ya kugomba. Nilikuta ana daftari la skuli. Upande mmoja ameandika jina ambalo kila mtoto analitumia mchezoni, upande wa pili jina la mzazi na namba ya simu. Mtoto mpya haingii mpaka aletwe mara ya kwanza na mtu ambaye yumo tayari. Aliyetukana mama wa mwenzake hukaa nje wiki, na kijana humpigia mzazi wake, lakini wenzake humo ndani hawaambiwi ni mtoto wa nani. Nilimuuliza nani amemfundisha. Akasema alianza kwa ajili ya madeni tu, mengine yalikuja yenyewe. Nikamwomba anionyeshe daftari nitazame kama jina la mtoto wa kaka yangu limo. Alilifunga akaliweka chini ya meza, akasema, “Samahani Bi mkubwa, mzazi wake akija nitamwonyesha ukurasa wake.”